Mara Tatu, Kama Lilivyoandikwa

Kiganja cha afisa utumishi wa kiwanda kilikuwa juu ya daftari letu la matangazo, vidole vimetanuka, pete yake imekaa sawasawa juu ya jina la marehemu. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika tisa. Saa saba kamili nilitakiwa kuwasha maikrofoni na kusoma vifo vya mchana, na mji mzima ulijua hivyo, maana ikifika saa hiyo wenye maduka waliacha kubishana na wateja na mafundi cherehani walisimamisha miguu.

"Toa mkono, bwana," nilimwambia.

Hakutoa. Alimtazama mjomba wangu, aliyekuwa meneja wa kituo. Mjomba aliitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona mdogo. Mlangoni alisimama Mama Pacha, kitambaa cheusi kichwani, viatu mkononi kwa sababu tulikuwa na desturi ya kuvua viatu studioni ili visikwaruze sakafu wakati wa kusoma. Alikuwa mjane wa tangu jana, na bado alikumbuka kuvua viatu.

Siku hizi kituo kina jengo la ghorofa mbili na mlinzi anayeandika majina ya wageni. Juzi waliniletea kijitabu cha kuadhimisha miaka thelathini, chenye picha za rangi. Ukurasa wa nne unasema kwamba katika mwaka wa kumi na mbili "kituo kilisitisha matangazo kwa muda kutokana na hitilafu ya umeme." Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Hitilafu ya umeme! Umeme haukuwa na hitilafu hata chembe. Ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliukata makusudi, saa saba na dakika saba mchana, mimi nimekaa kwenye kiti. Niliwapigia simu vijana waliokiandika. Mmoja akanijibu kwa adabu zote, "Bibi, hayo ni mambo ya zamani."

Sawa. Basi nayasimulia hayo hayo ya zamani, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Mjomba alianzisha kituo kwenye ghala la magunia lililoegemea ukuta wa kiwanda cha unga. Kiwanda kilimpa chumba, kikamvutia na waya wa umeme kutoka kwenye jenereta lake, kwa sharti kwamba unga wao usifiwe kila baada ya taarifa ya habari. Mlingoti aliuchomelea fundi, yule yule aliyekuja kuwa mtu wetu wa mitambo, na ulikuwa umepinda kidogo upande wa soko. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi. Trei hizo hazikununuliwa. Tulikula mayai nyumbani miezi saba mfululizo, mpaka mama yangu akasema akisikia mtu anataja yai tena atahama.

Mimi niliingia nikiwa na miaka ishirini na mbili, sina mbele wala nyuma, nimebebwa na undugu tu. Nyumbani nilimwita Mjomba. Ndani ya ghala ilikuwa ni lazima nimwite Meneja, na nikijisahau alijifanya hasikii hadi nirekebishe. Alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ungeweza kukatia kitunguu, na alikuwa na imani moja tu duniani, kwamba redio ikidanganya mara moja watu wataigeuza kuwa meza ya kuwekea vikombe.

Nilidanganya mwezi wangu wa pili. Mzee mmoja fundi viatu alileta tangazo la kifo cha mkewe, kaandika kwa mkono wake: "Mke wangu mkorofi, mwenye kelele, ameniacha leo alfajiri. Njooni tumzike." Mimi na elimu yangu nikaona haya. Nikasoma kwa sauti laini kwamba mke wake mpendwa, mama mpole na mwenye busara, ameaga dunia. Nilijiona nimefanya wema. Saa mbili baadaye mzee akaingia studioni na viatu vyake, hakuvua, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Huyo uliyemtangaza ni nani?" aliniuliza. "Watu wanakuja msibani wananiuliza kama nilikuwa na mke mwingine. Nimeishi na mkorofi wangu miaka arobaini na moja. Nirudishie."

Mjomba ndiye aliyeinuka, akamwomba radhi yule mzee kwa kuinamisha kichwa, akaniinua kitini, akasoma yeye mwenyewe tangazo lote, mkorofi na kelele zake zote. Mzee alilia palepale. Mji ulicheka, kisha ukaenda kuzika, na inasemekana hapakuwahi kuonekana mazishi yenye watu wengi vile.

Kesho yake Mjomba aliandika amri kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari. Tangazo la kifo halilipiwi. Anayelileta analiandika mwenyewe, asiyejua kuandika anaandikiwa na kusomewa mpaka aridhike. Linasomwa mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, kama lilivyoandikwa. Wa kufuta neno ni yule aliyeliandika, kwa mkono wake, mbele ya mtangazaji. Chini akatia sahihi, na tarehe, na muhuri. Alipenda sana muhuri wake.

Miaka ikapita juu ya amri ile. Nilisoma maiti wenye madeni ya kusamehewa, maiti wenye wake ambao hawakujuana, maiti aliyeagiza asizikwe karibu na shemeji yake. Sikubadilisha hata nukta. Watu wa mji wetu walianza kuandika vifo vyao kwa ukweli kwa sababu walijua patakuwa na mtu wa kuusoma ukweli huo hadi mwisho bila kutikisika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na sijapata kuwa na kazi nyingine niliyoipenda kama ile.

Ndipo akaja Mama Pacha.

Alinikuta nafungua mlango, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimfahamu kwa sura, alikaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, na mapacha wake walikuwa darasa la tatu. Nilimpa pole, maana habari ilikuwa imeshazagaa tangu jana. Hakuipokea wala kuikataa. Alikaa mezani, akavuta daftari, akaandika polepole, ulimi umebanwa pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Alipomaliza alinigeuzia.

"Baba Pacha, mwendesha mashine namba mbili katika kiwanda cha unga, amefariki jana saa nane mchana. Mkanda wa mashine ulimvuta mkono. Mkanda haukuwa na kifuniko tangu mwaka juzi. Alisema kazini mara nyingi, na nyumbani alikuwa akiniambia kwamba amesema. Mazishi kesho saa nne. Ni mimi mkewe, Mama Pacha."

Nilisoma mara mbili kimoyomoyo. Kiwanda ndicho kilichokuwa baba mwenye nyumba wetu, mfadhili wetu, na umeme wetu.

"Mama," nilimwambia, "una hakika unataka lisomwe hivi?"

Aliniangalia kwa macho makavu. "Mimi yangu kuandika, nimeshaandika. Yako wewe si kusoma?"

Saa moja kamili nikalisoma. Ningependa kusema nilisoma kwa ushujaa, lakini niliyakimbia maneno kama mtu anayevuka barabara yenye malori. Nilipomaliza, fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, alitoa kofia yake akaiweka magotini.

Simu ililia kabla wimbo uliofuata haujafika katikati. Mjomba aliipokea amesimama, na aliendelea kusimama dakika kumi na tano akisema "ndiyo, mkubwa" na "nakuelewa, mkubwa." Alipoiweka chini alikuja na kipande cha karatasi.

"Mchana utasoma hivi," akasema. Karatasi ilisema kwamba Baba Pacha amefariki ghafla baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Meneja," nikamwambia, "mtu anaugua mkanda?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Amri ni yako, na muhuri ni wako."

Aliikunja ile karatasi mara mbili. Kisha akasema kitu ambacho kiliniuma kuliko makaripio yote. "Kama ni kufutwa na aliyeandika, basi ataletwa afute." Alikuwa ameshatafuta mlango wa nyuma wa amri yake mwenyewe. Nilimpenda mjomba wangu, alinilea baada ya baba kufariki, alinifundisha kushika kalamu, na asubuhi ile nilimwonea aibu hadi nikatoka nje nikasimama uani peke yangu.

Ndivyo tulivyofika kwenye saa saba kasoro dakika tisa, na kiganja juu ya daftari.

"Mkono wako uko juu ya jina la marehemu," nikamwambia tena yule afisa, safari hii kwa sauti ya redioni, ile inayofika mbali bila kupigwa kelele. Akauondoa haraka, akajifanya anatafuta kalamu mfukoni. Aliipata, akamkabidhi Mama Pacha.

"Mama, tumekwisha kuzungumza njiani," akamwambia kwa upole wa kumpaka mtu mafuta. "Kiwanda kinakujali. Lakini unajua nyumba zile ni za wafanyakazi, na mfanyakazi sasa hayupo. Sisi hatutaki kufika huko. Futa tu kidogo."

Mama Pacha aliweka viatu vyake chini. "Nifute wapi?"

"Hapa." Kidole chake kikatembea juu ya mistari. "Kuanzia hapa kwenye mkanda, mpaka hapa, nyumbani alikuwa akiniambia."

"Nikifuta hapo atakuwa amekufa na nini?"

"Amekufa ghafla."

"Ghafla si kitu," akasema. "Wanangu wataniuliza."

Afisa alimwangalia Mjomba amsaidie. Mjomba hakuinua macho. Saa saba kasoro dakika mbili. Nilivaa vipokea sauti vya masikioni kwa sababu mikono yangu ilihitaji cha kufanya. Nilikuwa nikimwambia Mama Pacha moyoni, afute, na papo hapo namwambia asifute, na namshukuru Mungu kwamba kalamu haikuwa mkononi mwangu, kwa sababu mimi sina watoto wawili wanaolala kwenye nyumba ya kiwanda.

Aliinama, akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko mtu anayefuta. Afisa akanyoosha shingo, na nikaona uso wake ukibadilika rangi kabla sijaona maandishi.

Chini ya sahihi yake alikuwa ameongeza mstari: "Leo mchana wamenileta na gari ili nifute. Sijafuta."

Akaniwekea daftari mbele yangu, akaokota viatu, akarudi mlangoni.

Taa nyekundu ikawaka. Safari hii sikukimbia. Nilisoma tangazo zima, na nilipofika kwenye mstari wa mwisho nilipunguza mwendo ili hata wale wenye redio mbovu wapate. Wamenileta na gari ili nifute. Sijafuta. Afisa alikwisha kutoka, tulisikia gari lake likigeuka uani kwa hasira. Niliendelea na kifo kingine, bibi mmoja wa upande wa reli, nikataja wajukuu wake wote kumi na sita. Kisha taa nyekundu ikazimika, feni ikasimama, na ghala likawa kimya hadi tukasikia mashine za kiwanda zikisaga ng'ambo ya ukuta. Wao walikuwa nao umeme.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, viwiko magotini.

"Umenimaliza," akasema. "Miaka kumi na miwili. Nimekijenga kituo hiki kwa mikono yangu, na wewe umekizima kwa mdomo wako."

"Sijakizima mimi."

"Unajua kiburi chako kitakupeleka wapi?"

"Jioni," nikamwambia. "Kimebaki kisomo cha jioni."

Alicheka kicheko kibaya. "Kwa umeme gani?"

Fundi alihangaika mchana kutwa na betri mbili za lori, akafanikiwa kutoa sauti iliyofika kwenye mti wa uani na kurudi. Saa kumi na moja na nusu alitupa koleo chini akasema, "Dada, nimeshindwa. Samahani." Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Mimi nilikuwa na hasira ambayo tangu wakati huo sijaipata tena, hasira safi, isiyo na chuki ndani yake. Mtu alikuwa ameleta tangazo lake lisomwe mara tatu na likasomwa mara mbili. Nilichukua daftari, nikavaa viatu, nikatoka.

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya kiwanda kubadilisha zamu. Wanaotoka wanatoka weupe kwa unga hadi kwenye kope, wanaoingia wanangoja nje ya lango na vyakula vyao kwenye mifuko, na kwa dakika kadhaa barabara yote inajaa watu mia tatu, mia nne. Nilipanda juu ya jiwe la pembeni mwa lango lililowekwa kuzuia malori yasigonge ukuta. Mlinzi akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia, "Kazi."

King'ora cha zamu kilipolia na kuisha, nikafungua daftari, nikasema maneno niliyoyasema kila siku kwa miaka mingi, kwamba hii ni redio ya mji, ni saa kumi na mbili kamili, na yafuatayo ni matangazo ya vifo.

Watu walicheka kidogo, kisha hawakucheka tena. Walionitambua kwa sauti walikuwa wengi kuliko waliowahi kuniona. Mwanamke mmoja alisema kwa mshangao, "Kumbe ni mfupi hivi?" Akanyamazishwa.

"Baba Pacha," nikasoma, "mwendesha mashine namba mbili katika kiwanda cha unga."

"Hatusikii!" wakapaza sauti waliokuwa nyuma, upande wa ndani ya lango.

Nikarudia kwa nguvu. Bado hawakusikia. Koo langu lilizoea kunong'ona kwenye chuma cha maikrofoni, halikuzoea barabara. Ndipo mzee mmoja wa zamu ya usiku aliyekuwa mbele akageuka, akawatamkia walio nyuma yake, "Anasema Baba Pacha, mwendesha mashine namba mbili." Nao wakageuka wakawaambia wengine. Niliona sentensi ikitembea kutoka kwangu, ikapita langoni, ikaingia uani kwenye mizani ya malori. Nikangoja ifike. Kisha nikasoma ya pili.

Mkanda wa mashine ulimvuta mkono.

Ikaenda. Nilitega sikio kwa wasiwasi, maana nilijua watu, neno likipita midomo kumi huota mkia. Halikuota. Walilipokea na kulikabidhi kama watu wanaopeana mtoto mchanga.

Kwenye sentensi ya tatu mlinzi alikuja na wenzake wawili, na afisa utumishi nyuma yao amevua koti. Hawakuweza kunifikia. Hakuna aliyewasukuma, ila hakuna aliyewapisha.

"Mkanda haukuwa na kifuniko tangu mwaka juzi," nikasoma.

Mstari wa kwanza ukasema. Wa pili ukasema. Na kutoka katikati ya umati, kabla zamu yake haijafika, sauti moja ikaitamka sentensi ile nzima, kwa matamshi safi, kila silabi mahali pake, sauti ambayo ndiyo iliyonifundisha kusoma. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya watu weupe kwa unga, suruali yake imenyooka, tai shingoni, mikono mdomoni ameifanya bomba.

"Haukuwa na kifuniko!" Mjomba akarudia, ameelekea uani. "Tangu mwaka juzi! Alisema!"

Tulisoma hadi mwisho, mimi na yeye na watu wote wale, pamoja na gari na kutofuta.

Nisiwapake watu rangi ya asali. Tuliondolewa ghalani sote wawili, na kwa kuwa ni kiwanda cha unga, mji ulifurahia wiki nzima kusema kwamba tumemwaga unga. Redio ilirudi hewani baada ya miezi minne, kutoka chumba cha nyuma cha fundi cherehani, ikiwa na mlingoti uleule uliopinda. Mama Pacha alitolewa kwenye nyumba kabla arobaini haijafika, akahamia kwa dada yake, na hakurudishiwa. Mashine namba mbili ilifungwa kifuniko siku ya nne. Namba moja na namba tatu zikafungwa siku ya tano, wala hakuna aliyekiri kwamba vifuniko havikuwapo.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile iliyofuata jioni ya langoni, baada ya mazishi. Tulitoka makaburini na viatu vya vumbi, tukaenda kazini, maana hatukuwa na mazoea ya kwenda kwingine. Mlangoni palikuwa na kufuli jipya kubwa, na karatasi ya kiwanda iliyobandikwa. Mjomba aliisoma yote kwa utulivu. Hakuibandua. Akakaa kwenye benchi la nje, nami nikakaa kando yake na daftari mapajani.

Haukupita muda akaja mwanamume mmoja amevua kofia, kafiwa na kaka yake. Nyuma yake wakaja akina mama wawili. Nyuma yao msichana aliyetumwa na shangazi. Waliliona kufuli, waliona mlingoti umesimama bila kazi, walituona sisi. Walijipanga foleni.

"Jamani," nikawaambia, "hatuna hewa. Tutasomea wapi?"

Mwanamume mwenye kofia akainua mabega, kana kwamba hilo lilikuwa shauri letu.

Mjomba alijipapasa mifuko, ya shati, ya suruali, mpaka akaipata kalamu. Aliujaribu wino kwenye ukucha.

"Haya," akasema, akilivuta daftari kutoka mapajani mwangu, "nani ametangulia?"